Mkataba Mfupi na Mkataba Mrefu: Hati za Ukaaji katika Historia ya Likasi na Uchaguzi wa Viza ya Mwanafunzi

1. Utangulizi

Kijana wa Likasi anayekubaliwa na chuo kikuu cha ng'ambo hukabiliwa na swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kiofisi tu: aombe viza gani? Ipo viza ya muda mfupi, ambayo huonekana nyepesi na jibu lake huja mapema. Ipo pia viza ya muda mrefu, ambayo hudai cheti cha kukubaliwa chuoni, uthibitisho wa fedha, hati ya daktari, hati ya polisi na, zaidi ya yote, subira. Wako ndugu na marafiki wanaoshauri kwamba la muhimu ni kuvuka kwanza, na kwamba mengine yatatengenezwa huko huko.

Ushauri huo unatokana na kuiona viza kama ufunguo: mlango ukishafunguka, ufunguo umemaliza kazi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba viza inafanana zaidi na mkataba. Inataja mwenye nayo ni nani, amekuja kufanya nini na kwa muda gani, na maelezo hayo humfuata siku zote za ukaaji wake. Ili kuithibitisha hoja hii hakuna haja ya kuanzia Ulaya. Mji wa Likasi wenyewe ulijengwa na watu waliokuja kwa mikataba, mingine mifupi na mingine mirefu, na tofauti baina ya mikataba hiyo ilikuwa tofauti baina ya maisha na maisha. Kwa hiyo itatazamwa kwanza historia ya hati za ukaaji katika mji huo, kisha safari za wasomi kwenda ng'ambo, na mwisho masharti ya viza za wanafunzi katika nchi mbili ambazo Wakatanga wengi wamezielekea: Ubelgiji na Afrika Kusini.

2. Mji uliojengwa na wageni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelezwa hadi Kambove mwaka 1913 kwa kupitia eneo la Likasi. Nchi yenye shaba nyingi ilikuwa na wakazi wachache, na kwa sababu hiyo wafanyakazi walitafutwa mbali. Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuandikisha wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1910, lilichukua watu kutoka sehemu mbalimbali za Kongo. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 wengine waliletwa kutoka Ruanda-Urundi. Katika makambi ya watu hao wa lugha nyingi, Kiswahili kilikuwa kwanza lugha ya kazi, kisha kikawa lugha ya nyumbani.

Katika miaka ya mwanzo mikataba ilikuwa ya miezi michache. Mwenye mkataba mfupi alihesabiwa kuwa mpita njia. Kwa kawaida alikuja bila mke wala watoto, alilala katika makazi ya muda, alipewa posho ya chakula ya kumtosha yeye peke yake, na muda ulipokwisha alirudishwa kwao na mwingine akaandikishwa mahali pake. Magonjwa na vifo vilikuwa vingi katika makambi hayo. Kampuni haikuwa na sababu kubwa ya kumjengea nyumba ya kudumu wala kumsomeshea mtoto mtu ambaye karatasi yake ilisema ataondoka kabla ya mwaka kwisha.

Karibu na mwaka 1928 Union Minière ilibadili utaratibu ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Mabadiliko hayo hayakutokana na huruma. Kuandikisha watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa, na viwanda vipya, kama kile cha kusafishia shaba kwa umeme kilichoanza Shituru mwaka 1929, vilihitaji watu waliozoea kazi. Hata hivyo matokeo yake kwa mfanyakazi yalikuwa makubwa. Mwenye mkataba mrefu alihimizwa kuja na mke wake, alipewa nyumba ya familia, posho ilizidishwa kwa ajili ya wake na watoto, na katika makambi zikaenea zahanati, huduma za uzazi na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Mtu yule yule, akifanya kazi ile ile, alikuwa na haki nyingine kwa sababu alikuwa na karatasi nyingine.

Ni lazima kuongeza kwamba mkataba mrefu haukuwa kinga kamili. Bei ya shaba ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa na kurudishwa makwao. Karatasi ilimpa mtu nafasi katika mpango wa mwenye nguvu, na mpango ulipobadilika nafasi hiyo iliweza kuondolewa. Ukweli huu pia ni sehemu ya urithi wa mji.

3. Siku thelathini

Sambamba na mkataba wa kampuni palikuwa na hati ya serikali. Chini ya sheria za kikoloni kuhusu maeneo ya wenyeji, hususan dekrii ya mwaka 1933, mwenyeji wa Kongo aliyekusudia kuwa nje ya eneo la mtemi wake kwa zaidi ya siku 30 mfululizo alipaswa kuwa na pasi ya kuhama, iliyoitwa kwa Kifaransa *passeport de mutation*. Hali hii haikuwa ya Kongo pekee. Nchini Kenya, kipande, ambacho kilianza kutumika mwaka 1920, kilimfuata mfanyakazi wa kiume kila alikokwenda na kuandikwa ndani yake habari za kazi zake na za mabwana wake.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni jinsi sheria ilivyogawa safari katika mafungu mawili. Aliyekwenda kutembelea ndugu kwa wiki mbili alikuwa msafiri. Aliyekaa mwezi mmoja na siku moja alikuwa mtu wa aina nyingine, na serikali ilitaka kujua ameruhusiwa na nani. Mpaka baina ya ziara na ukaaji ulichorwa kwa hesabu ya siku, na aliyeuvuka bila hati alikuwa amevunja sheria hata kama hakufanya ovu lolote. Msomaji atatambua mara moja kwamba mgawanyo huu haukufa pamoja na ukoloni. Sheria za viza za leo zina mpaka wa namna hiyo hiyo. Kilichobadilika ni hesabu, ambayo aghalabu ni siku 90.

4. Wasomi wa kwanza ng'ambo

Utawala wa Kibelgiji ulipanua elimu ya msingi na mafunzo ya ufundi, lakini uliichelewesha elimu ya juu, na haukupenda Wakongo wakaisomee Ulaya. Kabla ya miaka ya 1950 waliosoma Ubelgiji walihesabika. Paul Panda Farnana, aliyepelekwa huko akiwa mtoto mwaka 1900, alihitimu masomo ya kilimo cha bustani huko Vilvoorde mwaka 1907. Mapadri wachache walipelekwa kusoma baadaye. Mwaka 1952 Thomas Kanza aliingia Chuo Kikuu cha Louvain na kuhitimu mwaka 1956, akawa miongoni mwa Wakongo wa kwanza wasio watawa kupata shahada ya chuo kikuu. Wakati huo huo vyuo vikuu viliundwa nyumbani: Lovanium karibu na Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha serikali Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wahitimu wa Kikongo katika nchi nzima walikuwa wachache mno.

Katika miaka hiyo Mkongo alikuwa mtu wa milki ya Ubelgiji bila kuwa raia kamili wa Ubelgiji. Hata ndani ya Kongo haki zake zilitegemea daraja aliloandikiwa. Kadi ya sifa ya uraia iliyoanzishwa mwaka 1948, na usajili maalumu wa wale walioitwa waliostaarabika ulioanzishwa mwaka 1952, vilitolewa kwa wachache baada ya uchunguzi uliofika hadi ndani ya nyumba ya mwombaji. Hivyo kizazi kilichotangulia kwenda ng'ambo kilikwisha kuzoea jambo moja: kabla ya kutendewa kama msomi, ilibidi kwanza kuandikwa kuwa msomi.

Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels ya mwaka 1958 yaliwapa mamia ya Wakongo nafasi ya kuiona Ubelgiji kwa ziara fupi. Baadhi yao waligeuza ziara kuwa masomo. Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, alikwenda wakati wa maonyesho hayo akabaki kwa mafunzo, na mwanzoni mwa 1960, Mkutano wa Meza ya Duara ulipofanyika, alikuwa bado yuko Brussels. Jambo kama hilo liliwezekana wakati Kongo ilikuwa koloni na wasafiri wake walikuwa wachache wanaojulikana kwa majina. Baada ya uhuru Mkongo alikuwa mgeni kisheria mbele ya sheria za Ubelgiji, na njia ya ziara kugeuka ukaaji ilianza kuwa nyembamba.

5. Majina yanayobadilika

Matatizo ya hati hayakuletwa na nchi za kigeni peke yake. Mtu aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1950 alizaliwa Jadotville, Kongo ya Kibelgiji, kwa kuwa mji ulikuwa umepewa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa Union Minière. Tarehe 11 Julai 1960 alijikuta katika Katanga iliyojitangaza huru chini ya Moïse Tshombe, dola ambayo hakuna taifa lililoitambua rasmi, hata Ubelgiji yenyewe, na iliyokwisha mwezi Januari 1963. Mwaka 1966 mji wake ukaitwa Likasi. Mwaka 1971 nchi yake ikaitwa Zaire, na katika kipindi hicho hicho jimbo lake likaitwa Shaba. Mwaka 1972 raia walitakiwa kuacha majina ya ubatizo ya kigeni na kuchukua majina ya Kiafrika. Mwaka 1997 Zaire ikarudi kuwa Kongo na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Tangu mwaka 2015 Likasi imo katika jimbo la Haut-Katanga.

Kwa hiyo mtu mmoja asiyehama mtaa wake anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti zenye mji tofauti, jimbo tofauti, nchi tofauti na hata jina tofauti. Kwa mwenyeji hakuna fumbo lolote. Kwa ofisa wa viza aliye Brussels au Pretoria, kila tofauti ni shaka. Watoto na wajukuu hurithi shaka hiyo wanapotakiwa kuthibitisha kwamba anayegharamia masomo yao ni mzazi wao kweli.

Historia ya karibu iliongeza jeraha jingine. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoathirika zaidi. Familia nyingi zilikaa kwa wiki na miezi penye stesheni ya reli, katika taabu kubwa, zikingoja treni. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa mikataba mirefu, waliozaliwa Likasi na kuzungumza Kiswahili cha Likasi. Urefu wa ukaaji haukuwalinda walipokwisha kutajwa kuwa wageni. Tukio hilo lafundisha, kwa uchungu, kwamba miaka mingi mahali fulani haimfanyi mtu atambuliwe. Hutambuliwa kwa jina la kundi ambalo wenye mamlaka wamemweka.

6. Mlango wa wanafunzi

Mwezi Agosti 1974 Ubelgiji ilisimamisha uingizaji wa wafanyakazi wa kigeni. Tangu hapo mlango wa masomo ukawa mojawapo ya milango michache iliyobaki wazi, na kwa sababu hiyo hiyo ukaanza kulindwa kwa wasiwasi. Sheria ya tarehe 15 Desemba 1980 kuhusu wageni, ambayo pamoja na marekebisho yake mengi ndiyo msingi hadi leo, iliwatengea wanafunzi sehemu yao wenyewe.

Uhusiano wa nchi mbili hizi pia uliathiri safari. Baada ya shambulio la usiku dhidi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwezi Mei 1990, Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na kusimamisha misaada, na serikali ya Mobutu ikavunja ushirikiano. Wanafunzi wa Katanga walipoteza kwa mara moja utulivu wa chuo chao na sehemu ya misaada iliyokuwa ikiwapeleka ng'ambo. Tarehe 26 Machi 1995 Mkataba wa Schengen ukaanza kutekelezwa, Ubelgiji ikiwemo, na viza fupi ikawa ya pamoja kwa nchi kadhaa. Ofisi ya pamoja ya kushughulikia viza hizo ilifunguliwa Kinshasa mwaka 2010. Mwaka 2018, katika ugomvi wa kisiasa, serikali ya Kongo iliamuru ifungwe, na baadaye ikafunguliwa tena. Wakati wakubwa wakigombana, anayengoja viza ndiye aliyebaki na barua ya chuo mkononi na muhula ukianza bila yeye.

7. Viza fupi na viza ndefu leo

Viza fupi ya Schengen humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Inafaa kwa mkutano, utafiti mfupi wa maktaba au kozi ya wiki chache. Viza ndefu, ijulikanayo kwa herufi D, ni ya nchi moja, na humruhusu mwenye nayo kuingia ili apewe kibali cha ukaaji. Mwanafunzi afikapo Ubelgiji hujiandikisha katika manispaa anakoishi na kupewa kadi ambayo kwa kawaida huongezwa muda mwaka hadi mwaka kadiri masomo yanavyoendelea. Akiwa na kadi hiyo anaweza kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, mhitimu anaweza pia kuomba miezi 12 ya kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yake. Haki hizi hazimhusu aliyeingia kwa viza fupi, hata kama anakaa darasa moja na mwenye kadi. Kwa kanuni, ombi la ukaaji mrefu hupelekwa kwenye ubalozi kabla ya safari, na kuliwasilisha ndani ya Ubelgiji ni jambo la hali za pekee.

Ndani ya viza ndefu yenyewe kuna uchaguzi mwingine ambao waombaji wengi hawauoni. Mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo kinachotambuliwa na mamlaka za elimu yumo katika sehemu ya sheria inayoibana serikali: akitimiza masharti, viza haikataliwi ila kwa sababu zilizotajwa katika sheria, na mojawapo ni kuwapo kwa dalili kwamba safari ina kusudi jingine kuliko masomo. Aliyekubaliwa na shule ya binafsi isiyotambuliwa huombewa kwa utaratibu wa jumla, ambamo ofisa ana uhuru mkubwa zaidi wa kukataa. Kwa hiyo uchaguzi wa chuo ni uchaguzi wa viza, na hufanyika miezi mingi kabla ya fomu ya ubalozi kujazwa. Hati na mahojiano navyo hupimwa kwa pamoja. Mwombaji asiyeweza kueleza kwa nini kozi hii inafuata masomo aliyoyafanya nyumbani hujitia mwenyewe mashakani.

Afrika Kusini, ambayo Wakongo wengi waliielekea tangu miaka ya 1990, ina mgawanyo unaofanana. Chini ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002, viza ya mgeni kwa kawaida ni ya siku zisizozidi 90, na viza ya masomo ni hati ya peke yake inayodai barua ya chuo, bima ya matibabu, hati ya polisi na uthibitisho wa fedha. Tangu Mei 2014, aliyeingia kwa viza ya mgeni haruhusiwi kuibadili akiwa ndani ya nchi isipokuwa kwa sababu za pekee. Kanuni za mwaka huo ziliweka pia adhabu ya kuzidisha muda: aliyepitiliza kwa siku zisizofika 30 aliweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12, na aliyezidi hapo kwa miaka mitano. Kwa mwanafunzi, miaka mitano ni shahada nzima na zaidi.

8. Hitimisho

Historia ya Likasi haitoi jibu moja kwa kila msafiri. Mwenye utafiti wa miezi miwili hana haja ya viza ndefu, kama vile aliyekwenda kumtembelea mjomba kwa wiki mbili hakuhitaji pasi ya kuhama. Lakini kwa anayekwenda kusoma miaka, historia hiyo inatoa mafunzo matatu. Kwanza, hati ichaguliwe kwa kazi itakayofanywa huko, kwa kuwa haki zote za baadaye hutoka katika kile kilichoandikwa mwanzoni. Pili, majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa vipatanishwe nyumbani, kwa hati za mahakama au za manispaa pale inapobidi, kabla ya faili kuondoka Likasi. Tatu, mkataba mrefu nao una mwisho na masharti, na mwenye nao hana budi kujua ni nini kitakachouvunja.

Wafanyakazi wa Panda na Shituru wa kabla ya 1928 hawakuulizwa wanataka mkataba upi. Waliandikiwa mfupi, nao wakabeba gharama yake. Mwanafunzi wa leo hana uhuru wote, kwa kuwa fedha, umbali wa ofisi na mashaka ya maofisa vinambana. Hata hivyo sehemu ya uamuzi imo mikononi mwake: anaweza kuisoma karatasi kabla ya kuitia sahihi, na kungoja miezi michache Likasi badala ya kuishi miaka ugenini kwa jina ambalo si lake. Familia inayochanga nauli na chuo kinachotoa barua vina wajibu wa kumsaidia aisome.